SIKU THELATHINI ZA KIBARUA: NANI ANAYEZIHESABU?

Wananchi wa Magunga, wa Nyandiwa, wa Sindo na wa Gwassi yote, na ninyi ndugu zetu wa Ndhiwa, Karungu na Awendo ambao jasho lenu halina tofauti na letu, tuliseme jambo hili waziwazi. Katika Jamhuri ya Kenya, mtu anayeishi kwa kibarua akikosa kazi leo hana haki ya kulipwa hata senti moja kwa sababu ya kukosa kazi. Si kwamba fedha zimechelewa, wala si kwamba ofisi iko mbali. Haki yenyewe haipo. Na pale ambapo sheria imejaribu kumpa kitu kidogo siku anapoondoka, imemwonyesha mlango kisha ikampa mwajiri ufunguo.

Tunalijua jibu la wakubwa. Watasema Katiba ya 2010 iliyamaliza hayo yote. Ni kweli Katiba ilinena. Kifungu cha 41 kinampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kinaiamuru Serikali iwasaidie wale wasioweza kujikimu wao wenyewe na wanaowategemea. Ni maneno mazuri, na waliopigwa marungu barabarani tangu Saba Saba ya 1990 wanajua bei yake. Lakini tangu Agosti 2010 Bunge limepitisha sheria baada ya sheria ya kukata mishahara, na hakuna hata moja iliyoanzisha malipo ya mtu aliyepoteza kazi. Anayeingia katika orodha ya mishahara hukatwa asilimia 6 ya NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba. Hukatwa kwa ajili ya uzee wake, kwa ajili ya ugonjwa wake, na kwa ajili ya nyumba ambayo pengine hataiona. Kwa ajili ya ile asubuhi atakayoambiwa "kesho usije", hakuna kilichotengwa.

WATU TUNAOWASEMA

Magunga ni makao makuu ya Suba Kusini, lakini wenye kazi za mwezi hapa ni wa kuhesabika: walimu walioandikwa na TSC, maafisa wa Serikali na wa kaunti, wauguzi, na wachache wengine. Wanaobaki huamka na kutafuta. Yuko mpishi wa shule ambaye hulipwa siku ambazo jiko linawaka na kusahauliwa siku za likizo. Yuko mlinzi wa usiku. Yuko kijana wa mjengo anayebeba mchanga na kokoto, na mwenzake anayechimba mitaro ya barabara hadi mwanakandarasi atakapoondoka na matrekta yake. Yuko mkata miwa wa Ndhiwa na Awendo anayelipwa kwa uzito wa miwa aliyoikata. Yuko anayeshuka mashimoni Macalder kutafuta dhahabu. Na yuko mvuvi wa omena, ambaye tutamrudia hapo chini kwa sababu kisa chake kinapita vyote kwa uchungu.

Neno lenyewe lina historia. Kibarua ni barua ndogo, ule ukaratasi aliopewa mchukuzi wa pwani katika karne ya 19 kuthibitisha kwamba amefanya kazi ya siku. Wengi wa vibarua hao wa kwanza walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na ujira wao uligawanywa na bwana. Baadaye ukaja utawala wa Mwingereza na kipande chake, kwa amri ya 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya kwanza. Mwanamume Mwafrika alining'inizwa shingoni kikopo cha chuma chenye rekodi ya waajiri wake, na kwa kadi ya siku 30 alilazimika kutimiza siku zote za kazi ndipo alipwe. Mkoloni alizihesabu siku hizo ili mtu asimtoroke. Mwajiri wa leo anazihesabu kwa makini yale yale, ila yeye huzihesabu ili zisitimie.

Maana yake ni nini? Sheria ya Uajiri ya 2007 inamwita kibarua mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Mkataba wake unaweza kuvunjwa jioni yoyote bila notisi. Hata hivyo Kifungu cha 37 kilikuja na jambo jema: kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo kwa jumla zinafikia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kumalizika kabla ya miezi 3, sheria humhesabu kuwa mwajiriwa wa mwezi, anayestahili notisi ya siku 28. Akifululiza miezi 2 au zaidi, hustahili masharti yote ya kazi kama kwamba hakuanza kama kibarua. Tena kifungu hicho hicho kinasema kwamba siku moja ya mapumziko baada ya kila siku sita za kazi, pamoja na sikukuu za kitaifa, zihesabiwe ndani ya mfululizo huo. Kwa hiyo nyapara anayewaambia vijana kwamba Jumapili imewakatia hesabu anasema uongo, na aambiwe hivyo.

Tazameni basi ujanja unaofanyika. Wiki ya nne ikikaribia, vijana huambiwa wapumzike siku chache. Kisha huitwa tena na kuandikwa upya kana kwamba ni wageni waliofika jana. Mwaka unapita, miaka mitatu inapita, mtu ni yule yule, chepeo ni ile ile, lakini katika daftari la mwajiri kuna watu kumi na wawili wa mwezi mmoja mmoja. Pengine daftari huwekwa mikononi mwa wakala, na wakala akibadilishwa historia yote hufutika pamoja naye. Akienda kudai, huulizwa: una ushahidi gani kwamba ulifululiza?

Na hapo ndipo sheria inapojikwaa yenyewe. Kifungu cha 20 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi karatasi ya maelezo ya mshahara kila anapomlipa. Lakini kifungu hicho kinawatoa nje kibarua, anayelipwa kwa kipimo cha kazi, na aliyeajiriwa kwa muda usiozidi miezi 6. Yaani aliyeandikwa, ambaye barua yake iko katika faili, hupewa karatasi ya kuthibitisha kazi yake kila mwezi. Na yule ambaye haki zake zote zinategemea kuthibitisha siku zake, hupewa noti mkononi na kuagwa. Aliyeandika kifungu hicho sidhani alipata kusimama kwenye foleni ya malipo ya Jumamosi jioni.

Anayelipwa kwa kipimo ana mzigo mwingine. Mwaka 2017, katika kesi ya kampuni ya chumvi ya Krystalline dhidi ya wafanyakazi 68 wa pwani, Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba sheria inatambua aina mbalimbali za mikataba, na kwamba anayelipwa kwa kazi aliyoipima si kibarua machoni pa sheria. Kwa hiyo Kifungu cha 37 hakiwezi kumgeuza kuwa mwajiriwa wa mwezi. Tunaiheshimu mahakama, nayo husoma sheria kama ilivyoandikwa na Bunge. Lakini wakata miwa wetu wapime maneno hayo. Mtu anaweza kukata miwa kwa miaka 10 katika mashamba yale yale, na kwa sababu alilipwa kwa tani badala ya kulipwa kwa siku, hata lile daraja dogo la Kifungu cha 37 haliwezi kumvusha.

Mei 2025 Serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari vya umma kwa miaka 30, Sony ya Awendo kikiwa kimojawapo. Mjadala ukawa juu ya malimbikizo ya mishahara na malipo ya wafanyakazi walioandikwa viwandani. Ni haki yao, nasi tuko upande wao. Sheria inasema kazi ikipungua, anayeachishwa apewe notisi ya mwezi na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Tuseme mtu hupata shilingi 500 kwa siku na ametumika miaka 6: hizo ni siku 90, shilingi 45,000. Si utajiri, lakini ni karo ya mtoto na ni mtaji wa kuanza. Mkata miwa aliyetumika miaka 6 hiyo hiyo, chini ya jua hilo hilo, nani alimpigia hesabu?

KIBARUA HAFUKUZWI, HAITWI

Tukae kidogo juu ya jambo hili, kwa sababu ndipo mzizi wa dhuluma ulipo, na ndipo hata wanaotutetea hupotea njia.

Sheria za kazi, hapa kwetu na hata ng'ambo, zimejengwa juu ya tukio moja: siku ya kuachishwa. Kuna barua, kuna tarehe, kuna sababu. Aliyefukuzwa husikilizwa, na mwajiri hutakiwa athibitishe sababu zake. Aliyejiuzulu kwa hiari huambiwa kwamba amejitakia. Msingi huo unamfaa karani wa Nairobi. Kibarua wa Magunga haumfai hata kidogo, kwa kuwa yeye hapati siku ya kuachishwa. Juma hili alifanya siku sita. Juma lijalo aliitwa siku tatu. Juma la tatu aliitwa Jumanne pekee, tena saa nne asubuhi baada ya kungoja langoni tangu alfajiri. Juma la nne simu haikulia. Je, amefukuzwa? Mwajiri atasema hakumfukuza mtu, jina lake lingali daftarini na kazi ikipatikana ataitwa. Je, ameacha kazi? Yeye bado anangoja.

Na kama mtu huyo, baada ya kuona kwamba siku moja kwa juma hailipi hata nauli ya boda boda, akaamua kuacha na kutafuta njia nyingine, atahesabiwaje? Huyo ameondoka mwenyewe, wasema wenye sheria. Sisi twasema hapana. Aliyenyimwa saa za kazi hadi asiweze kuishi ameondolewa, hata kama ni miguu yake mwenyewe iliyomtoa langoni. Mahakama zetu zinakubali kwamba mwajiri anaweza kumfanyia mtu mambo yasiyovumilika hadi alazimike kujiuzulu, na kwamba huko ni sawa na kumfukuza. Lakini kesi za namna hiyo hufunguliwa na wenye barua za kuajiriwa na mawakili. Kifungu cha 47 cha Sheria ya Uajiri kinamtwika mfanyakazi mzigo wa kuthibitisha kwamba aliachishwa isivyo haki. Kibarua atathibitishaje ukimya wa simu?

Linakuja suala la kiinua mgongo. Kifungu cha 35 kinasema aliye katika mkataba wa mwezi unaovunjwa kwa notisi atalipwa malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliotumika. Vema. Lakini kifungu kidogo kinachofuata kinayaondoa malipo hayo kwa yeyote aliye mwanachama wa mfuko wa pensheni au wa NSSF. Mwajiri akikuandikisha NSSF, mlango wa malipo ya utumishi unafungwa. Na fedha za NSSF je? Hizo hungojea uzeeni: umri wa kustaafu ni miaka 60, au 50 kwa anayestaafu mapema. Kijana wa miaka 28 aliyekosa kazi Magunga ana fedha zake mwenyewe Nairobi ambazo hawezi kuzigusa, na kwa sababu fedha hizo zipo, hana haki ya kudai nyingine. Hatusemi NSSF ivunjwe. Hifadhi ya uzee ni jambo la lazima. Tunasema kwamba sheria imefanya uzee na kukosa kazi kuwa shida moja, kisha ikaitibu kwa dawa ya uzee peke yake.

ZIWA LIKIFUNGWA

Sasa tumrudie mvuvi wa omena. Kila mwaka, tangu tarehe 1 Aprili hadi tarehe 31 Julai, uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Hatuna ugomvi na sababu yake. Wazee wetu walijua kwamba ziwa nalo hupumzika, na mtu asiyeacha samaki wakue anakula mbegu. Ugomvi wetu ni huu: Serikali inapofunga ziwa kwa miezi 4, imewaachisha watu kazi kwa amri, na haijawalipa chochote. Mwenye mashua anaweza kuuza mbuzi. Yule asiye na mashua wala nyavu, anayeingia majini usiku kwa ahadi ya sehemu ya mapato baada ya petroli na chakula kutolewa, anashuka pwani mwezi wa Machi na kukaa. Mama anayenunua, kuanika na kuuza omena anakaa pamoja naye. Theluthi ya mwaka mzima imekwenda.

Tukidai fidia tunaambiwa kwamba ni ndoto. Basi na wasome habari za Brazil. Tangu 1991 nchi hiyo ina sheria inayompa mvuvi mdogo malipo ya bima ya ukosefu wa kazi katika miezi ambayo uvuvi umefungwa ili samaki wazaane: kima cha chini cha mshahara kwa kila mwezi wa kufungwa. Sheria hiyo ilitungwa upya 2003 na ikaendelea. Kumekuwa na udanganyifu huko, na watu wasio wavuvi wamejiandikisha. Serikali yao imehangaika kuwaondoa. Lakini hawakusema kwamba kwa kuwa wezi wapo, mvuvi afe njaa. Mvuvi wa huko hakuzaliwa na haki kuliko wa Nyandiwa.

Nani atawaandikisha wetu? Wako tayari. Kila ufuo una kamati yake ya usimamizi, BMU, yenye orodha ya wanachama na karani anayeandika uzito wa samaki wanaoshushwa. Karani anayeandika kilo anaweza kuandika na majina ya waliozivua.

JIRANI AMETUTANGULIA, LAKINI NUSU NJIA

Wanaovuka mpaka pale Isebania kwenda Sirari kununua sabuni na mchele wajue kwamba wanaingia katika nchi ambayo tangu 2018 ina kitu kinachoitwa fao la kukosa ajira. Mwanachama wa NSSF ya Tanzania aliyechangia angalau miezi 18, akaachishwa kazi na asipate nyingine, hulipwa theluthi moja ya mshahara kwa muda wa miezi 6. Asiyetimiza miezi 18 hurudishiwa nusu ya michango yake. Tunawapongeza, ingawa wafanyakazi wengi wa huko waliliona fao hilo kama njia ya kuwanyang'anya uhuru wa awali wa kuchukua michango yao yote walipoacha kazi, na malalamiko yao hayakuwa ya bure.

Lakini tusilinakili kwa macho yaliyofumbwa. Aliyejiuzulu mwenyewe hapati. Na miezi 18 ya michango ni mlima kwa mtu ambaye mwajiri wake anamvunjia siku kila mwezi. Kibarua akiingizwa katika mpango wa namna hiyo bila kubadilisha namna ya kuhesabu, atachangia na hatapokea. Atakuwa amewalipia karani na meneja. Afrika Kusini ilipotunga sheria yake ya 2001 ilisogea mbele kidogo. Mfanyakazi hutoa asilimia 1, mwajiri asilimia 1, na siku alizofanya kazi hugeuzwa kuwa siku za malipo. Tangu Aprili 2003 hata watumishi wa nyumbani wameingizwa. Lakini huko pia anayefanya kazi chini ya saa 24 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja huachwa nje, na aliyejiuzulu huachwa nje. Ukuta ni ule ule, ila wao wameusogeza mbali kidogo.

Hoja yetu basi si kwamba Kenya iige. Hoja yetu ni kwamba haki ifuate siku za kazi, isifuate karatasi ya mwajiri. Siku niliyofanya kazi ni siku yangu, nimeifanya kwa nani si neno. Siku sita kwa mwanakandarasi wa barabara, nne shuleni, tisa ziwani: hizo ni siku 19, na ziandikwe kwa jina la aliyezifanya. Zikipungua ghafla chini ya kiwango alichozoea, hapo ndipo amekosa kazi, na asiulizwe kama alifukuzwa au aliacha.

Watatuambia kwamba kibarua hahesabiki. Mbona anahesabika akidaiwa? Miwa hupimwa mizanini na tikiti hutolewa. Shule huandika vocha kwa kila shilingi inayotoka. Malipo mengi ya vibarua siku hizi hupitia M-Pesa, na kila muamala una tarehe na saa. Serikali ambayo ushuru wake wa nyumba ulibatilishwa na Mahakama Kuu Novemba 2023, nayo ikarudi na sheria mpya Machi 2024 na kuendelea kukata, haiwezi kusimama mbele yetu na kusema kwamba haina ujuzi wa kukusanya.

Watasema pia kwamba watu watakuwa wavivu. Waliotunga hoja hiyo hawajapata kuingia ziwani saa nane za usiku, wala kubeba matofali ngazi ya tatu. Mtu anayelipwa theluthi ya ujira wa kibarua hawezi kununua uvivu. Anaweza kununua unga, na akangoja juma moja zaidi kabla ya kukubali kazi ya shilingi 200. Na hapo pengine ndipo woga wa waajiri wengine ulipo: njaa ya kibarua ndiyo inayowashushia ujira, na malipo haya yangeipunguza.

Wako wapi wa kumtetea? Mwishoni mwa miaka ya 1980 COTU iliunganishwa na KANU, na mfanyakazi akawa hana pa kusemea nje ya chama tawala. Vyama vingi vilirudi Desemba 1991. Tangu hapo vyama vya kisiasa vimeongezeka kupita hesabu, lakini chama cha wafanyakazi kinachomtafuta kibarua bado ni nadra, kwa sababu michango ya vyama hivyo hukatwa katika mishahara ya mwezi, na asiye na mshahara wa mwezi hana cha kukatwa. Pwani walikuwa na ujasiri mwingine. Januari 1947, vibarua wa bandari ya Mombasa walikuwa miongoni mwa waliosimamisha mji mzima, na Muungano wa Wafanyakazi Waafrika ukapata sauti chini ya Chege Kibachia. Serikali ilimkamata Agosti mwaka huo na kumzuilia Kabarnet, lakini katika miaka iliyofuata ililazimika kuwaandikisha vibarua wa bandarini na kuwapangia kazi ya uhakika zaidi. Wanasiasa wetu wa leo nao wanawajua sana vibarua: huwakodisha kwa siku kujaza uwanja na kupuliza vuvuzela, na mkutano ukiisha humaliza mkataba kwa kupandisha kioo cha gari.

TUNALODAI

Tunadai kwamba Bunge lianzishe mfuko wa bima ya ukosefu wa kazi unaomtambua kibarua, mfanyakazi wa kipimo na mvuvi tangu siku yake ya kwanza, mwajiri akichangia kwa kila siku ya kazi na Serikali ikiwachangia wavuvi katika miezi ya kufungwa kwa ziwa. Kifungu cha 20 kirekebishwe ili kila malipo, hata ya siku moja, yaambatane na maandishi. Kifungu cha 37 kiwafikie wanaolipwa kwa kipimo, na mapumziko ya kulazimishwa yasivunje mfululizo. Malipo ya utumishi yasifutwe na uanachama wa NSSF kwa mtu ambaye hawezi kuigusa akiba yake kwa miaka 20 ijayo. Atakayekuja Magunga kuomba kura mwaka 2027 aulizwe haya kwa jina la kifungu, mbele ya watu, na jibu lake liandikwe.

Mahakama imekwisha kuonyesha kwamba ukuta hubomoka. Sheria ya 2007 ilimnyima haki ya kulalamika kuachishwa isivyo haki mtu asiyefululiza miezi 13 kwa mwajiri. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Mfanyakazi mmoja tu ndiye aliyekwenda kushtaki.

Na aliyeachwa mwezi huu asikae kungoja Bunge. Andika katika daftari lako kila siku uliyofanya kazi, kiasi ulicholipwa, na jina la nyapara. Usifute ujumbe wa M-Pesa. Waulize wenzako wawili au watatu kama watakubali kusema walikuona. Malalamiko ya kuachishwa isivyo haki hupelekwa kwa afisa wa leba, Homa Bay, ndani ya miezi 3. Afisa akimtaka mwajiri alete kumbukumbu za ajira, mwajiri ndiye anayewajibika kuzitoa, na asipozitoa, mzigo wa kukanusha unayosema ni wake. Kesi yenyewe yaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3, na tangu Juni 2018 mahakimu wameruhusiwa kusikiliza madai ya wenye mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi, kwa hiyo hakuna kibarua wa Gwassi anayelazimika kufika Kisumu. Mahakama ziko Mbita na Ndhiwa.